Pombe Uswidi: maswali ninayoulizwa kila siku na watu wetu, na majibu yangu

Nipo Göteborg miaka mingi sasa na kila akija mgeni, awe mwanafunzi, awe shemeji kaja kusalimia, awe Mkongo au Mrundi kahamishiwa huku na familia yake, maswali ni yale yale. Nimechoka kutuma voisi noti za dakika saba saba kwa hiyo nimeyaandika yote hapa, ukiulizwa we tuma linki.

Hivi ni kweli huku huwezi kununua bia dukani?

Ni kweli nusu. Sisi nyumbani ukisema unaenda grosari kila mtu anajua unaenda kupata moja baridi, sasa huku grosari ni ya maziwa na mkate tu. Supamaketi inaruhusiwa kuuza bia yenye kilevi kisichozidi asilimia 3.5, wanaiita folköl, yaani bia ya wananchi, na lazima uwe na miaka 18. Chochote kikali zaidi ya hapo, bia ya kawaida, mvinyo, saida (pombe ya tufaha), wiski, unakipata kwenye duka la kampuni moja tu nchi nzima, linaitwa Systembolaget. Ni la serikali asilimia mia. Wenyewe wanaliita Systemet au Bolaget, ukisikia mtu kazini anasema "napitia Bolaget" ujue anaenda kuchukua mzigo.

Angalizo kwa wageni: makopo ya supamaketi yanafanana kabisa na yale makali, nembo ile ile, rangi ile ile, tofauti ni kinamba kidogo pembeni. Kuna bia za asilimia 3.5, kuna za 2.25 ambazo sheria haiziwekei hata umri, na kuna zisizo na kitu kabisa. Jamaa yangu mmoja wiki ya kwanza alikunywa sita akawa anashangaa mbona bado anakumbuka paswedi ya benki, kumbe alikuwa anakunywa maji ya shayiri.

Linafunguliwa saa ngapi?

Hapa ndo watu wengi wanaumia. Jumatatu hadi Ijumaa mengi yanafunga saa kumi na mbili au saa moja jioni, ya mijini saa mbili usiku, na hiyo saa mbili ndo mwisho kisheria. Jumamosi mwisho saa tisa alasiri. Jumapili hamna. Sikukuu hamna. Mkesha wa Krismasi hamna, mkesha wa mwaka mpya hamna, na mkesha wa Midsommar, ile sikukuu yao ya katikati ya kiangazi ambayo nchi nzima inalewa, hamna pia.

Kwa hiyo picha ya Uswidi ambayo hutaiona kwenye vipeperushi vya utalii ni hii: Jumamosi, saa nane na dakika hamsini na tano, mtu mzima na suti yake anakimbia kwenye theluji na begi tupu mkononi. Saa tisa mlango wa kioo unafungwa, waliomo ndani wanalipa, waliochelewa wanasimama nje wanatazama mashelfu kama watoto kwenye dirisha la keki, na hakuna wa kumwambia "bosi nifungulie nina haraka", hakuna cha kumpa mlinzi chochote, unageuka unarudi nyumbani. Na hiyo Jumamosi yenyewe ni hisani, maana kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80 walikuwa wamefunga Jumamosi nzima, wakaja kufungua tena nchi nzima mwaka 2001.

Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu na siku mbili kabla ya Midsommar usiende kabisa kama huna moyo wa foleni.

Nina miaka 18, si naweza kunywa?

Baa unaweza. Bolaget huwezi, huko ni miaka 20. Najua haieleweki, unaruhusiwa kukaa baa ukapewa wiski mbele ya watu lakini huruhusiwi kununua hata kopo moja ukanywe kwako. Wanachosema ni kwamba baa kuna mhudumu anayekuangalia na anatakiwa kisheria asikuuzie ukishalewa, nyumbani hakuna mtu.

Ukionekana chini ya miaka 25 utaombwa kitambulisho, na sisi Mungu katubariki nyuso hazizeeki, mimi niliombwa nikiwa na watoto wawili. Beba pasi kama huna kitambulisho cha huku, maana kadi ya kibali cha ukaazi haihesabiki kuwa kitambulisho. Alafu kitu kimoja muhimu sana: usimnunulie mdogo wako. Kumnunulia pombe mtu asiyefikisha umri ni kosa la jinai na lina jina lake kabisa, langning, na keshia akihisi tu kwamba yule kijana anayekusubiri nje ndo mnywaji ana haki ya kukunyima mzigo hata kama wewe una miaka hamsini.

Ndani kukoje? Kuna ofa?

Ndani ni kama duka la dawa lililochanganywa na maktaba. Pasafi, kimya, mvinyo umepangwa kwa nchi, wahudumu wamesomea, ukimwambia leo napika samaki wa nazi anakufikiria dakika nzima alafu anakupeleka kwenye chupa ambayo usingeijua, na mara nyingi hakupeleki kwenye ya bei kubwa maana hana kamisheni. Hicho nakipenda.

Lakini ofa hakuna. Nunua mbili upate moja hakuna, punguzo la mwisho wa mwezi hakuna, ukinunua kreti nzima bei ya kopo ni ile ile. Na bia zote ni za moto! Lile swali letu la "ya baridi au ya moto?" huku halipo, hakuna friji, kwa sababu hawataki bia ya mtu mmoja ipendelewe kuliko ya mwingine na hawataki uitoe dukani uifungulie mlangoni. Unaibeba mpaka kwako unaiweka kwenye friji lako unasubiri. Wakati wa baridi unaiweka balkoni, dakika ishirini tosha, ila usiisahau usiku kucha itapasuka.

Ukikaa muda utaielewa. Nchi hii haimkatazi mtu kunywa, inamkatazia kunywa kwa ghafla. Kila kitu kimepangwa ili pombe ikulazimu uifikirie mapema, na ili asiwepo mtu ambaye utajiri wake unategemea wewe kuongeza moja.

Mbona wanakuwa hivo? Ni dini?

Hapana, kanisani hawaendi hao. Ni historia, na ngoja niikae kidogo maana ndo inaelezea yote.

Karne ya 19 Uswidi ilikuwa nchi maskini ya wakulima na karibu kila shamba lilikuwa na mtambo wake wa kutengeneza brännvin, pombe kali ya nafaka au viazi, yaani gongo yao. Walikunywa kuanzia asubuhi, hata vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa pombe. Sheria ya 1855 ndo ilianza kuua mitambo ya majumbani. Alafu mwaka 1865 hapa hapa Göteborg wakaja na wazo lililosambaa mpaka nje ya nchi: biashara ya pombe kali apewe kampuni moja ya mji, faida isiende mfukoni kwa mtu, iende kwenye mambo ya jamii. Wazo hilo ndo babu wa Bolaget ya leo.

Wakati huo huo vikatokea vyama vya watu wasiokunywa, IOGT kilifika Göteborg 1879, na vilikuwa vikubwa kweli kweli, vina kumbi zao, maktaba zao, wafanyakazi wengi walijifunza kuendesha mkutano na kuandika muhtasari mle mle. Vikataka pombe ipigwe marufuku nchi nzima. Tarehe 27 Agosti 1922 wakapiga kura ya maoni: hapana 51, ndiyo 49. Pembamba hivyo! Na kura za wanaume na wanawake zilihesabiwa mbalimbali, wanawake wengi walitaka marufuku, wanaume wengi wakakataa. (Nani alikuwa anasubiri mshahara nyumbani Ijumaa jioni? Basi.) Upande wa hapana ulikuwa na bango maarufu la msanii Albert Engström, mwanaume kakunja uso anaonyesha kidole sahani ya kamba wa mtoni, ujumbe kwamba kamba hawa wanadai vinywaji hivi.

Nimesikia walikuwa na kitabu cha mgao, kweli?

Kweli tupu, mimi mwenyewe sikuamini mpaka bibi mmoja jirani yangu alipotoa cha marehemu baba yake kwenye droo. Kijitabu kidogo, karatasi zimekuwa njano, ndani mihuri na tarehe, tarehe na mihuri, kila chupa aliyowahi kununua yule mzee imeandikwa humo. Kilikuwa kinaitwa motbok.

Aliyeanzisha ni daktari mmoja, Ivan Bratt, alianza na mfumo huo Stockholm 1914 na baadaye ukawa wa nchi nzima. Yeye hakutaka marufuku, alisema marufuku italeta magendo, bora kila mtu awe na kiwango chake. Ukiomba kitabu wanakuchunguza: una kazi gani, unalipa kodi, unajulikana kwa ulevi? Mwenye nafasi yake alipata hata lita tatu au nne za pombe kali kwa mwezi, kibarua alipata kidogo. Mwanamke aliyeolewa hakupata kabisa kwa sababu eti ana mgao wa mumewe, na ambaye hajaolewa alipewa kidogo kuliko wanaume. Usawa wa kijinsia wa Uswidi tunaousifia leo, mwanzo wake ndo huo.

Na mgahawani ulikuwa hupati pombe kali bila kuagiza chakula, kwa hiyo inasimuliwa kwamba kulikuwa na mkate mmoja wa siagi na jibini unazungushwa meza hadi meza bila mtu kuuma, kazi yake ni kuonekana tu.

Tarehe 1 Oktoba 1955 kitabu kikafutwa, kampuni za mikoa zikaunganishwa ikawa Systembolaget. Watu walikunywa hasa hiyo miezi ya mwanzo, serikali ikajibu kwa kupandisha kodi, na hapo ndo ikawa kawaida: zamani walikubana kwa mhuri, sasa wanakubana kwa bei.

Bei ikoje?

Bia ya nusu lita Bolaget ni kama krona 15 hadi 25, kinyume na watu wanavyotishana si mbaya. Baa bia hiyo hiyo ni 60 mpaka 90 kutegemea mji. Pombe kali ndo inaua. Kodi yake inahesabiwa kwa kilevi kilichomo, ni zaidi ya krona 500 kwa lita ya kilevi kitupu, sasa chupa ya 70cl ya asilimia 40 ina kilevi sentilita 28, piga hesabu, kodi peke yake inazidi krona 140 kabla hujaongeza VAT ya asilimia 25. Ndo maana huku huoni mtu anafungulia chupa meza nzima.

Mvinyo wa boksi ule wa lita tatu wenye kibomba ndo mfalme, sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa nchini inatoka kwenye boksi, na la Afrika Kusini utalikuta kwenye nyumba nyingi tu.

Nimealikwa pati, nakuja na nini?

Njoo na pombe yako. Narudia, njoo na pombe YAKO.

Mwaka wangu wa kwanza nilialikwa birthdei na mwanafunzi mwenzangu, nikapiga pasi shati, nikanunua zawadi, nikaenda mikono mitupu nikijua kama kwetu kwamba mwenye shughuli ndo anamwaga vinywaji. Nafika nakuta kila mtu kakaa na kimfuko chake cha plastiki miguuni, ndani makopo yake manne au sita. Hakuna meza ya vinywaji. Nikakaa. Nikasubiri. Dada mmoja akaniuliza hunywi? nikasema nakunywa, akatikisa kichwa kwa heshima akaendelea kunywa yake. Saa mbili nzima nimeshika glasi ya maji ya bomba! Mwisho jamaa mmoja akanipa kopo lake moja, na kesho yake, sikutanii, akanitumia meseji ya kunidai krona 18. Nilikasirika wiki nzima. Sasa hivi namwelewa, hapa kudaiwa deni dogo si dharau, ni kutaka pasiwe na mtu anayemdai mwenzie, lakini ukitoka mahali ambapo raundi inazunguka na mwenye nacho ndo anatoa ofa, inachoma.

Ukialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa mtu mzima ni tofauti, hapo mwenyeji anatoa na wewe unaleta chupa ya mvinyo au maua.

Wanakunywaje? Kila siku?

Zamani hapana. Jumatatu hadi Alhamisi kahawa, Ijumaa na Jumamosi wanafidia. Siku hizi wengi wanapata glasi moja na chakula katikati ya wiki, lakini wikendi bado ndo wikendi. Bosi wako ambaye hajawahi kukuangalia machoni mwaka mzima, subiri sherehe ya Krismasi ya ofisini, saa nne usiku atakukumbatia akwambie maisha yake yote, Jumatatu anakusalimia kama mmekutana kwenye lifti. Usimkumbushe.

Zipo siku zenye kinywaji chake. Midsommar wanakula samaki mbichi wa siki na viazi vipya, na kila baada ya muda mtu anaanzisha wimbo, maarufu ni Helan går, mkimaliza mnarusha kikombe kidogo cha pombe kali kooni. Agosti wanakula kamba wa mtoni wamevaa vikofia vya karatasi. Desemba ni glögg, mvinyo wa moto wenye mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi, mtu wa pwani ukinusa tu unakumbuka nyumbani.

Takwimu kwa ufupi: kilele cha unywaji cha karibuni kilikuwa 2004, zaidi ya lita 10 za kilevi kitupu kwa mwaka kwa kila mwenye miaka 15 na kuendelea, tangu hapo unywaji umeshuka. Vijana ndo wameacha zaidi, mwaka 2000 karibu wanane kati ya kumi wa darasa la tisa walikuwa wanakunywa, sasa hawafiki nusu.

Mimi ni Muislamu / nimeokoka / sinywi tu. Nitatengwa?

Hutatengwa, na pengine ni rahisi kuliko Dar. Ukisema sinywi hakuna anayekulazimisha "onja tu", wanadhani unaendesha gari au wewe ni wa chama cha wasiokunywa. Kila sherehe ina kisicho na kilevi, neno ni alkoholfritt. Krismasi kuna julmust, soda nyeusi iliyobuniwa 1910 kwa ajili ya wasiotaka bia. Ni tamu kupita kiasi.

Nikinywa mbili naweza kuendesha?

Usiendeshe. Kiwango ni 0.2 kwa elfu kwenye damu, bia moja inaweza kukufikisha hapo, na kuanzia 1.0 ni kosa kubwa ambalo kifungo chake ni hadi miaka miwili. Trafiki anakusimamisha bila sababu yoyote, hata Jumapili saa tatu asubuhi unaenda kanisani na pombe ya jana bado imo. Leseni ikienda imeenda na haina cha kuongea pembeni.

EU haikuwaambia waache huo ukiritimba?

Walijaribiwa. Waliingia Umoja wa Ulaya 1995, na siku hiyo hiyo ya kwanza ya Januari mwenye duka mmoja, Harry Franzén, akauza mvinyo dukani kwake makusudi ili ashtakiwe. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya, 1997 ikaamua ukiritimba wa kuuza rejareja unakubalika kwa sababu ni wa afya na haubagui bidhaa za nchi nyingine. Ukiritimba wa kutengeneza na kuingiza ndo ulikufa.

Kilichobadilika kweli ni mipaka. Tangu 2004 unaweza kuleta kutoka nchi za EU kwa matumizi yako mwenyewe, na kipimo cha kawaida ni lita 10 za pombe kali, 20 za mvinyo ulioongezwa nguvu, 90 za mvinyo na 110 za bia. Soma tena, lita 110! Watu wanavuka Denmark na gari, wanapanda feri mpaka Puttgarden Ujerumani ambako duka limejengwa pale pale bandarini, wanarudi gari limekaa chini kama limebeba saruji. Wa Stockholm wanapanda meli za Ufini zinazopitia Åland, visiwa ambavyo kikodi vipo nje ya EU, wanashuka na vitoroli. Ukija na ndege kutoka nyumbani ni lita 1 ya kali, 4 za mvinyo na 16 za bia, na uwe na miaka 20. Kuleta ni halali, kuwauzia majirani ni kesi.

Juni 2025 wamelegeza kidogo tena, watengenezaji wadogo wanaruhusiwa kukuuzia pale pale shambani, ila kwanza ulipie matembezi au somo kuhusu wanachotengeneza, alafu ununue si zaidi ya lita 0.7 ya kali au lita tatu za mvinyo au bia. Hata kulegeza wanalegeza kwa masharti.

Naweza kupika yangu?

Bia na mvinyo wa kunywa mwenyewe ruksa, na kuna watu wetu wanapika mbege ya kubahatisha kwa ndizi za dukani, haifanani. Kutengeneza pombe kali ni kosa hata kama ni kikombe kimoja, na mtambo wenyewe usikutwe nao.

Pombe ikimzidi ndugu yangu?

Ipo Alkohollinjen, simu ya bure, huulizwi jina. Pia 1177, simu ya ushauri wa afya, watakuelekeza kliniki ya karibu, na haiendi kwa mwajiri wala uhamiaji. Wengi wetu tunaogopa bure.

Na Konyagi je?

Swali la mwisho kila mara ni hili. Kwenye shelfu usihangaike kuitafuta. Bolaget wana huduma ya kukuagizia kitu kutoka nje, unajaza fomu, wanakupa bei, na hiyo bei ina usafiri na kodi zote, mimi niliisoma nikaifunga kompyuta. Anayekuja Desemba anijulishe, nina nafasi ya chupa moja.